Asiyelipa Haulizi

Mwaembeni,
27 Juni 1968

Kwa mdogo wangu mpenzi Tsuma bin Alfani, Diwani wetu,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Nakuamkia kwa mapenzi yale yale niliyokubebea mgongoni, kabla watu hawajaanza kukuita Mheshimiwa. U hali gani huko Waa, wewe na watoto? Na wifi yangu Asiya, kile kifua kimetulia? Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi. Mama goti linamsumbua kwa baridi hii ya kusi, lakini ulimi wake hauna maradhi yoyote.

Ama baada ya salamu, barua yako aliniletea Mbwana wa duka siku ya Jumatatu, nami nimeisoma mara mbili. Umeandika kwamba nimekuaibisha mbele za watu, na kwamba mtu mwenye neno na nduguye humwita chumbani. Haya. Nimekaa, nimetulia, nakujibu yote. Nakuomba usome mpaka mwisho, usiitupe katikati kama ulivyokuwa ukitupa muhogo ukiuona mchungu.

Nianze na pilau. Wakumbuka siku ilipofika habari kwamba hoja yako imepita barazani na ushuru wa mbata, zile nazi kavu za wenye minazi, umekatwa nusu? Mimi ndiye niliyepita nyumba kwa nyumba kuchangisha mchele. Mimi ndiye niliyeongoza vigelegele, kama nilivyoongoza wakati wa kura yako mwaka wa sitini na tatu, sauti ikanikauka wiki nzima. Tulikula, tukacheza. Dresa Kalama wa dispensari yetu alikuwapo, akala sahani yake akaimaliza, akanawa, ndipo akatushukuru na kutuaga. Tukamuuliza safari ya wapi. Akasema, kwa adabu zake zile, kwamba ameletewa barua: baraza halina tena fedha za kumlipa, kwani mshahara wake ulikuwa ukitoka katika ushuru ule ule. Wapigaji wakaziweka ngoma chini, Tsuma. Kumbe tulikuwa tumemfanyia mtu karamu ya kufukuzwa kazi, na yeye ameila kwa kuwa hakutaka kutuharibia furaha. Haya niliyoiona siku ile sijapata kuiona tangu nizaliwe.

Ya Mwanaima, binti ya mjomba wetu Shehe, unayajua, lakini nitayasema tena kwa sababu hukuyasikia vizuri. Uchungu ulimshika asubuhi, dispensari ina kufuli. Tukamlaza juu ya kitanda, wanaume wanne wakakibeba kuelekea hospitali ya Msambweni, jua linachoma utosi. Hatukufika. Alizaa njiani, sisi wanawake tumemzunguka tumeshika kanga zetu kuwa ukuta. Nilipokuandikia habari hiyo, ulinijibu kwamba mbona mama na mtoto wamepona, na kwamba Mungu ni mwingi wa rehema. Astaghfirullah. Mungu ni mwingi wa rehema kweli. Lakini barazani hukumwajiri Yeye ashike kazi ya Kalama.

Basi ulipokuja mwezi wa Mei ukahutubia pale sokoni, nilisimama nikauliza. Niliuliza kwa nini mwenye minazi mia tano amepunguziwa nusu, na mimi na Kahaso tunaouza makuti tunalipa ushuru wa soko kila siku bila kupunguziwa hata senti. Niliuliza pia kwa nini fedha zilipopungua alianza kuondoka dresa, na vile viti vya mito vya ukumbi wenu vikanunuliwa vivyo hivyo. Sikukutukana. Nilikwita Bwana Diwani, kama wengine. Wewe ukawaambia watu kwamba dada yako unamheshimu, lakini senti zetu za soko ni za kufagilia tu, na asiyelipa kodi haulizi inakotumika. Watu wakaangua kicheko. Mwinyihaji, ambaye minazi yake haina idadi, alicheka mpaka kofia ikamwanguka.

Nilirudi nyumbani, na wewe ukadhani nimeshindwa. Kulipokucha nikaenda kwa Chome, karani wa kodi pale kwa chifu, nikamwambia nataka kukadiriwa kodi ya kichwa. Akaniuliza nimekuja kumwombea nani. Nikamwambia sikuja kumwombea mtu, kichwa ni hiki hapa. Akasema tangu aanze kazi wanawake huja kuwaombea waume zao, hajapata kuona aliyejileta mwenyewe. Akanirudisha, nikarudi tena, akanirudisha. Mara ya tatu nilikwenda na karatasi za ile hoteli inayojengwa Diani, zinazoonyesha mizigo ya makuti waliyonunua kwangu. Hapo akaniandika daraja la chini kabisa, nikalipa. Ile stakabadhi ina jina langu mimi, wala si la marehemu mume wangu. Kahaso akafuata, na Mishi, na sasa tuko wanawake sita. Mkono mtupu haulambwi, mdogo wangu, na wetu si mtupu tena.

Sasa nije kwenye lile lililoniuma katika barua yako. Umenikumbusha kwamba mwanangu Menza ni mpwa wako, na kwa mila yetu ya mpwa kumrithi mjomba, minazi yako itakuwa yake. Umesema kila senti uliyoipunguza katika mbata ni ya mtoto wangu, na kwamba navunja chungu changu mwenyewe. Halafu ukaongeza kuwa nikiendelea utafuata sheria ya dini uwaandikie wanao yote. Waandikie, Tsuma. Wanao wana haki yao, na mimi sibishani na dini. Ila usiigeuze haki ya watoto wako kuwa fimbo ya kunipigia mimi. Menza alipokuja kutoka bandarini nilimsomea maneno yako. Alitaka nimsomee tena, kwa maana minazi ile ndiyo aliyoitegemea ajenge, aoe. Kisha akasema kwamba hasira anayo, tena nyingi, lakini hatanikataza. Usiku ule nililia, sikufichi. Ila sikubadili nia.

Nia yenyewe ni hii, na nimetaka uisikie kwangu kabla hujaisikia barabarani. Nimepeleka karatasi za kugombea kiti chako mwezi wa Agosti. Yule afisa aliniomba stakabadhi ya kodi, nikaiweka mezani. Sikuwaahidi watu kwamba kodi itakwisha, kama wewe ulivyowaahidi, kama nami nilivyowaimbia kwa niaba yako. Nimewaambia wenye minazi mingi watalipa kama zamani, wauza makuti watapunguziwa, na Kalama atarudi. Ukinishinda, nitakuwa nakuja kukuuliza pale pale sokoni, kila mwezi, na safari hii huna la kunijibu.

Limebaki neno moja. Karatasi zile zinataka mpiga kura wa kumpendekeza mgombea. Mimi nilikuwa nimemwita Kahaso. Mama alisikia tukizungumza ukumbini, akaniambia nimsogezee kidau cha wino. Nikamkumbusha kwamba nitakayeshindana naye ni mwanawe wa kiume, kitinda mimba wake. Akanijibu kwamba anawajua aliowazaa. Akatia dole gumba kwenye karatasi, akaomba kitambaa cha kujifutia.

Nisalimie Asiya sana, na watoto wote, kila mtu kwa jina lake. Kahaso anakusalimu, na Mwanaima pia, mtoto wake anakua. Mama anasema uje Ijumaa baada ya sala, atakupikia wali wa nazi na samaki, na uje peke yako, asione hata mmoja wa wale wapambe wako. Mungu akuhifadhi. Wassalaam.

Ni mimi dada yako,
Mwanarusi binti Alfani