Namba Tasa Ana Watoto Wangapi?

Jumatano, 12 Februari

Nimefungua saa mbili kasoro robo. Vumbi la malori limeingia mpaka kabati la kamusi. Nimefuta. Kesho litarudi. Magazeti ya jana yamefika leo, kama kawaida ya Kahama.

Mwalimu Kulwa alinitangulia, kasimama mlangoni, chaki mfukoni. Mstaafu. Alifundisha hesabu shule za msingi mpaka walipomwambia apumzike, na kupumzika hajui. Nilimpa ubao wa mlangoni aandike saa za kufungua maktaba. Yeye kaugeuza wa vichekesho vya hesabu. Swali leo, jibu kesho. Hatoi jibu kabla ya kesho hata umpigie magoti.

Swali la leo: Tafuta X.

Basi. Chini yake hakuna kitu. Masele, fundi pikipiki wa ng'ambo ya barabara, kalikodolea macho mpaka mteja wake akaja kumvuta. Anasema kuna namba zimefutika. Mwalimu mabega yanacheka.

Alhamisi, 13 Februari

Jibu: X ameenda machimboni Geita. Simu yake haipatikani.

Mama Pendo anayeuza maandazi hapo nje alicheka mpaka akashika ukuta. Nami nikacheka, tena kwa sauti, chini ya kibao changu mwenyewe cha KIMYA. X wangu, aliyekuwa mume wangu, alienda Geita, huu mwaka wa tisa. Ana watoto watatu huko. Mimi huku naitwa Mama Maktaba. Watu waliona haya kuniita Skolastika mtupu, wakanipa jengo liwe mwanangu.

Waliofuata jibu waliketi. Ndivyo inavyokuwa kila siku. Mtu anakuja kwa kichekesho, anaona kiti, anaona gazeti, asubuhi imeisha. Masele kasoma kitabu cha injini kurasa nne, kaniachia grisi kwenye zote. Yule mzee anajaza maktaba hii kuliko mimi. Simwambii. Atavimba kichwa.

Jumatatu, 17 Februari

Swali la Ijumaa lilikuwa: Mistari sambamba hukutana wapi? Mwanafunzi mmoja kaandika chini yake kwa majivuno, Haikutani.

Jibu la leo: Msibani.

Wengine walicheka. Mimi nilimfikiria dada yangu wa Ushirombo, tunayeonana misibani tu, nikaenda kupanga rafu.

Jumanne, 18 Februari

Mwalimu kaniuliza umri wangu. Hivi hivi, mbele ya wasomaji. Nikamwambia kesho natimiza arobaini na saba, kwani unataka kunioa? Akapiga makofi kama mtoto. Akasema yeye ana sabini na tatu, kwa hiyo mwaka huu tuko kundi moja. Kundi gani? Hakusema. Kaondoka anacheka peke yake.

Uzee huo.

Jumatano, 19 Februari

Nimemfukuza Mwalimu Kulwa.

Nilikuwa ndani nagonga mihuri. Nikasikia vicheko vya namna nyingine, vile vinavyokatika ukitokea. Nikatoka. Ubaoni: Namba tasa ana watoto wangapi?

Masele hakuniona. Akasema, tena kwa sauti, "Hilo mbona rahisi, muulizeni Mama Maktaba!"

Mama Pendo akamfinya. Nilikuwa nimeshasikia.

Leo ni siku yangu ya kuzaliwa. Jana kaniuliza umri, leo kaandika hivyo. Na kaandika "ana". Namba si mtu. Namba ina, namba zina, hata mtoto wa chekechea anajua. "Ana" ni mtu. Mtu ni mimi.

Nilifuta ubao kwa kanga yangu. Nikamwambia ubao huu ni wa umma, si wa kutukania watu uzazi. Mwalimu mzima, mvi kichwa kizima, huna haya. Akafungua mdomo. Nikamwambia funga, nenda, usirudi. Nikamnyang'anya chaki. Akabaki na vumbi jeupe vidoleni. Akaniangalia, akavaa kofia, akaondoka.

Miaka kumi na miwili ya ndoa nililisikia neno hilo jikoni kwa mama mkwe. Sikuja kazini kulisoma ukutani.

Nimelia chooni. Nimeandika. Basi.

Alhamisi, 20 Februari

Amerudi. Saa mbili kamili, kofia mkononi, chaki mpya. Nilikuwa dirishani. Ubao nilikuwa nimeugeuza uso uangalie ukuta. Aliuona kutoka ngazi ya kwanza. Akanisalimia kupitia dirishani, "Mwangaluka," salamu yetu ya asubuhi ya Kisukuma, ambayo asiyeijibu huku ni mtu mbaya.

Sikuijibu.

Akageuka, akaenda zake taratibu kwa kushika ukuta.

Jumatatu, 24 Februari

Daftari la wageni: watu kumi na mmoja. Wiki mbili nyuma lilikuwa linanilazimisha kugeuza ukurasa. Wanapita, wanauona mgongo wa ubao, wanaendelea na safari zao. Mmoja kauliza jibu la lile swali la Jumatano. Nikamwambia jibu la nini. Akaomba radhi, hata hajui kosa lake.

Masele kaja na soda. Kasimama mlangoni kama aliyeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Anasema ulimi ulimponyoka, alitaka kuchekesha tu. Nimeipokea soda. Nimeinywa.

Mwalimu kimya. Huyu kijana asiyejua kuandika barua kaweza kusema samahani, yeye msomi ameshindwa.

Jumatano, 5 Machi

Jumatano ya Majivu. Nimepakwa majivu, kinyongo kiko palepale. Mwalimu hakuwepo kwenye benchi lake la pili, upande wa wanaume. Nikasema moyoni, ananikwepa, vizuri. Nikajisikia nikisema hivyo na majivu bado mabichi kwenye paji.

Kwake ni hapa hapa Nyahanga, nyuma ya mashine ya kukoboa. Dakika kumi kwa miguu. Nilifika mpaka mashine. Nikarudi. Aliyekosa ndiye anayebisha hodi.

Jumatatu, 10 Machi

Kiharusi.

Mama Pendo kanieleza huku anafunika maandazi, kadhani najua. Kilimpiga Mwalimu Jumapili ya tarehe mbili. Upande wa kulia wote umelala. Hasemi.

Kwa hiyo pale kanisani nilipokuwa nasema ananikwepa, mwenzangu alikuwa kitandani anafutwa udenda.

Na nitaje hili kwa kuwa hakuna anayesoma hapa: jambo la kwanza lililonijia halikuwa huruma. Nilijiuliza, jibu nitalipata kwa nani? Maana alikuwa na jibu. Siku zote alikuwa nalo. Nilifuta swali kabla ya kesho yake kufika. Siku kumi na tisa sasa nalaumu nusu ya neno.

Naogopa.

Jumamosi, 15 Machi

Nimekwenda hospitali. Binti yake, Mama Neema, ndiye anayemuuguza. Hajui ugomvi wetu. Kanishukuru kwa kuja, nikatamani ardhi ipasuke.

Amepungua. Mdomo umekwenda upande. Nikapiga goti kidogo, nikamwamkia shikamoo. Midomo ikahangaika, marahaba haikutoka. Macho ni yaleyale.

Kisha akainua mkono wa kushoto. Vidole viwili. Akashusha. Vidole vitatu. Akashusha. Kiganja kizima, halafu kidole kimoja. Mama Neema anasema ndivyo anavyofanya tangu apate nafuu kidogo: mbili, tatu, sita. Wao wameelewa anataka uji saa sita. Basi kila saa sita wanamletea uji, na kila siku anaukataa.

Akarudia kwangu. Mbili. Tatu. Sita. Akaninyooshea kidole mimi. Nikasema, "Sielewi, Mwalimu." Akarudia, polepole, ndivyo alivyokuwa akirudia kwa watoto wa nyuma ya darasa. Nikatikisa kichwa. Machozi yakamtoka, ya jicho moja tu.

Nilitaka kusema nisamehe. Binti alikuwa pale, na mgonjwa wa jirani, na shemeji wa mgonjwa wa jirani. Nikasema nitarudi Jumatano na uji wa ulezi.

Uji! Mtu anaukataa uji kila siku, nami namwahidi uji.

Jumatano, 19 Machi

Amefariki alfajiri. Chupa ya uji ilikuwa tayari kwenye kikapu nilipopigiwa simu.

Sikusema lile neno, nisamehe. Nilikuwa nalo mdomoni Jumamosi, nikalimeza kwa kuwaogopa watu nisiowajua.

Sikufungua maktaba. Hakuna aliyeuliza.

Jumamosi, 22 Machi

Tumemzika kwao, Ushetu. Masele alinibeba kwa pikipiki. Mashamba ya tumbaku mpaka ukutani mwa nyumba. Watoto saba, wajukuu sikumaliza kuwahesabu. Msomaji wa wasifu kasema marehemu alikuwa mcheshi, watu wakaitikia kwa miguno. Ubao haukutajwa. Nilitaka kusimama niutaje. Nisimame kwa sababu gani, mimi niliyeufuta?

Kwenye mkeka wa akina mama nilikaa bega kwa bega na Mama Neema. Mistari sambamba. Mwalimu alilijua jibu hilo nalo, nikachukia kuwa lina ukweli.

Nilipomuaga kaniuliza kama nilielewa zile namba. Anasema jioni ya mwisho baba yake alizirudia mpaka mkono ukachoka. Nikamwambia hapana. Akanishika mkono. Akasema, "Wabeja kwa kuja, Mama Maktaba." Ahsante ya Kisukuma, kwangu mimi.

Jumatatu, 24 Machi

Rafu ya hesabu iko nyuma kabisa, karibu na ndoo ya maji. Miaka kumi na tano naipangusa, sijawahi kufungua kitabu chake hata kimoja. Hesabu ilinikimbiza shule. Leo hakukuwa na msomaji hata mmoja. Nikaketi sakafuni nikavuta cha darasa la sita.

Nikatafuta lile neno, tasa. Nikasoma kwa kidole kama Masele.

Namba tasa ni ile isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe. Sawa. Kuna orodha. Mbili, tatu, tano, saba, kumi na moja, nikashuka nayo. Arobaini na saba ipo. Nikaendelea. Sabini na tatu ipo.

Kundi moja. Alikuwa ananipa zawadi ya siku ya kuzaliwa, mshenzi yule mpendwa, kwa lugha anayoijua yeye.

Nikafungua ukurasa wa pili. Kila namba nyingine, wanasema, ni zao la namba tasa. Nne ni mbili mara mbili. Kumi ni mbili mara tano. Thelathini ni mbili, mara tatu, mara tano. Nilijaribu yenye ukaidi, tisini na moja, nikadhani nimewashinda. Saba mara kumi na tatu. Hakuna inayotoka mahali pengine. Ukitoa moja, kila namba ama ni tasa au imezaliwa na tasa.

Mfano wa kwanza kabisa kwenye ukurasa ni huu: mbili mara tatu ni sita.

Vidole viwili. Vidole vitatu. Kiganja na kidole kimoja. Halafu akaninyooshea mimi.

Nimelia mpaka kitabu kikalowa, ambalo ni kosa, kibandiko changu mwenyewe kinakataza. Na ile "ana" yangu niliyoing'ang'ania! Mzee alimpa kila namba roho ya mtu. X ameenda, hakuandika imeenda. Nililisoma lile nikacheka. Siku ya "ana" moja tu ndiyo niliyoamua kuwa mwalimu wa sarufi.

Nisamehe, Mwalimu. Mwangaluka. Naitika sasa, imechelewa siku thelathini na mbili.

Jumanne, 25 Machi

Mvua ya asubuhi, vumbi limelala. Nimefungua saa mbili kasoro robo.

Nimeugeuza ubao. Chaki ilikuwa kwenye droo yangu, ileile niliyomnyang'anya. Nikaandika swali upya kama alivyoliandika, na "ana" yake. Chini nikaandika: Jibu la Mwalimu Kulwa. Wote.

Sikuandika zote. Wote.

Mama Pendo kasoma, kaniangalia, kaingia ndani kuniletea andazi. Masele kaja kavua kofia. Akauliza, wote akina nani? Nikampa kitabu cha darasa la sita, nikamwonyesha ukurasa, nikamwambia anawe mikono kwanza. Kakaa nacho mpaka saa sita.

Kesho ubao utataka swali na mimi sina. Kitabu nimekuja nacho nyumbani. Nimejaza daftari la waazimaji kama mtu mwingine yeyote: tarehe, jina la kitabu, sahihi. Kwenye jina la mwazimaji nimeandika Skolastika.