Joho Lililokatwa Vizibo

Baba Mwajuma,

Naandika nikiwa nimekaa kwenye meza yetu, na kabla sijafika mbali nataka ujue kwamba naona haya. Mke kumwandikia mumewe kumwomba arudi nyumbani si habari ya kutembea nayo kifua mbele. Mama yangu angekuwa hai angeninyang'anya kalamu. Tena herufi zenyewe alinifundisha Maalim Nassoro, katika chuo chake cha Kurani, nilipokuwa mtoto. Kila neno nikiliandika namwona yeye, na nikimwona yeye naliona joho lake, na hapo mkono unakuwa mzito.

Lakini Mwajuma ameposwa. Mwenye haki ya kumwozesha ni wewe. Kwa hiyo nimejikaza.

Unakumbuka chumba chetu cha Kanyenye, hapa Tabora, kilivyokuwa? Kitanda, mitungi, sanduku langu, dirisha moja, na chini ya dirisha meza yako ya kazi. Ulikuwa fundi wa bunduki, na vita vya Wazungu vilikuwa vimeziba njia zote. Risasi mpya hazikufika madukani, basi wawindaji wa kanga na wenye mashamba walikuletea maganda yaliyokwisha pigwa uyajaze upya. Mashine moja ilitoa fataki ya zamani, kile kiwashio cha baruti, na kufunga mdomo wa ganda, ile ya mkono mrefu. Nyingine ilikata vizibo vya sufu. Na jiliwa la kubania vyuma lilikuwa limekaa katikati kama bibi harusi. Mimi nikaja na cherehani yangu ya mkono, na hapakuwa na pa kuiweka.

Tuligombana kiangazi kizima. Nikishona sakafuni mgongo uliniuma. Ukikata vizibo kitandani tulilala juu ya manyoya ya sufu tukipiga chafya. Uliniambia niihamishie cherehani kwa dada yako. Nikakuambia wewe uhamie kwa dada yako pamoja na jiliwa. Mpangaji wa chumba cha pili aligonga ukuta akatuomba tuamue, maana naye alikuwa na usingizi wake.

Halafu siku moja ukaja na mbao za mninga. Ukazikata zote kipimo kimoja, ukatoboa kila moja matundu mawili mahali pale pale, na kwenye meza ukasimamisha boliti mbili. Kila mashine ukaifungia ubao wake. Ukitaka kubadili unalegeza nati kwa vidole, unanyanyua ubao, unautundika ukutani kwenye misumari, unashusha mwingine, unakaza. Ukanifanyia mfano, ukatoa jiliwa na kuweka cherehani kabla chai yangu haijapoa.

"Sasa tuna meza nne," ukasema.

"Na chumba ni kile kile," nikakujibu, lakini nilikuwa nacheka.

Majirani walikuja kuangalia. Nilijidai mno, Baba Mwajuma. Kila mgeni nilimwonyesha, nikimshikisha nati azungushe mwenyewe, nikisema mume wangu ana akili ambayo Mzungu hajaipata. Leo nikikumbuka maneno yale masikio yananiwaka moto.

Hatukuwahi kupatana kwa kauli, ila mazoea yalijijenga yenyewe: kilichoko mezani ni cha mashine iliyofungwa. Ikiwa cherehani iko juu, nguo iliyolala pale ni ya kushonwa. Ikiwa kikatio kiko juu, sufu iliyolala pale ni ya kukatwa vizibo, vile viduara vinavyokaa ndani ya ganda kati ya baruti na marisau, zile punje za risasi. Sufu ilikuwa shida wakati ule. Ulikata tarbushi za askari wa zamani, ukakata mablanketi yaliyoliwa na nondo. Wanawake wa mtaani walijua. Waliingia wakaacha matambara yao juu ya meza bila hata kuuliza, na jioni ukawapelekea paja la kanga.

Wiki ile ya kuelekea Idi, mke wa Maalim alinikuta nashona. Akaweka joho la mumewe mezani, limekunjwa vizuri, tabaka nne. Upindo wa chini ulikuwa umefumuka. Joho la sufu nyeusi, la baba yake Maalim, lililofika Tabora kichwani mwa mpagazi enzi za misafara. Nikamwambia kesho litakuwa tayari. Hata sindano sijabadili, nikaitwa kwa jirani aliyeshikwa na uchungu, nikatoka mbio.

Wewe ukarudi kutoka stesheni na wateja wawili nyuma yako. Ukatundika cherehani, ukafunga kikatio. Na mezani palikuwa na sufu.

Niliporudi nilisikia mkono wa mashine kuanzia uani, tak, tak, na wewe ukiimba. Ulikuwa na furaha! Kikapu kilikuwa na viduara vyeusi, visafi, vya unene mmoja.

"Mama Mwajuma, sufu gani hii! Sijaiona kama hii tangu vita vianze. Kaileta nani?"

 Nililichukua nikalikunjua, na mwanga wa dirisha ukapita kila mahali mgongoni mwa lile joho. Kwa sababu lilikunjwa tabaka nne, kila tundu lilikuwa na wenzake watatu, yamepangana vizuri kabisa kama nakshi.

"La nani?" ukauliza.

"La Maalim."

Ukakaa chini sakafuni. Sikukulaumu siku ile na sikulaumu leo, maana mimi mwenyewe ningeingia nikakuta kikatio juu na sufu mezani, ningekata. Ndivyo tulivyoishi.

Halafu tukafanya kile ambacho hadi leo nikikifikiria nafunika uso hata nikiwa peke yangu. Tulijaribu kuvirudisha vile vizibo. Wewe ulivishika kimoja kimoja tunduni, mimi nikavishona pembeni, nyuzi nyeusi juu ya nyeusi, mpaka macho yakatoka machozi. Na kila kiduara nilichokishona kilijikunja, joho likawa na makovu kama mtu aliyepona ndui. Tena havikutosha. Vingine vilikwisha kujazwa kwenye maganda na kuondoka na wale wateja kwenda porini Isikizya. Ukatoka mbio kuwafuata, ukarudi jasho likikutiririka, ukasema wameshavipiga. Kipande cha joho la baba yake Maalim kimepigiwa kanga!

Maalim alikuja mwenyewe. Unakumbuka ulivyosimama nyuma ya mlango kama mtoto? Mimi ndiye niliyempa shikamoo, mimi ndiye niliyemweleza. Alilipokea, akalivaa pale pale chumbani, akageuka kidogo huku na huku.

"Lilikuwa zito mno hili," akasema. "Sasa litaingiza upepo."

Akaaga akaondoka. Angetutukana ningepona mapema zaidi. Mtu aliyetukanwa ana cha kujibu.

Na siku ya Idi akalivaa. Kanzu alikuwa nayo, angeweza kusali na kanzu tu, lakini alilivaa, akasimama mbele ya safu zote, na kila aliporukuu tuliona nyeupe ya kanzu ikichungulia mgongoni. Nyuma, kwetu wanawake, mmoja akanong'ona, "Maalim kapigwa risasi nini?" Mwingine akajibu, "Kapigwa, na fundi mwenyewe anaswali safu ya tatu." Kicheko kilipita kama upepo kwenye mtama. Nilivuta kanga mpaka mdomoni, na ile sala sijui niliimaliza vipi. Wewe hukungoja kupeana mikono. Watu walikuwa bado wanakumbatiana, nawe ulikuwa umeshafika nyumbani.

Ukasema unakwenda Ujiji kutafuta joho jingine kama lile, kwamba wazee wa kule bado wana nguo za zamani masandukuni. Nilikufungia karanga na mihogo ya kuchemsha. Pale stesheni ulimbeba Mwajuma, ndio kwanza alikuwa anaanza juzuu yake ya kwanza, ukamwambia utamletea dagaa.

Baba Mwajuma, watu wa Tabora hii walikwenda Ujiji kwa miguu, pembe za ndovu mabegani, na wakarudi. Wewe ulikwenda kwa treni.

Mwanzoni nilipata salamu zako kwa mdomo wa wasafiri: joho halijapatikana, unatafuta. Baadaye wasafiri wakaacha kuleta salamu, wakawa wanaleta habari tu. Mimi nikazoea neno moja, "Kasafiri." Sokoni, kasafiri. Msibani, kasafiri. Ungeniacha kwa ajili ya mke mwingine ningejua la kusema, hata shoga zangu wangejua nyimbo za kuniimbia. Lakini mwanamke aliyeachwa kwa ajili ya joho, tena joho la mume wa mtu, huyo anaimbiwa nini?

Mwezi uliopita wakaja wazee wa posa. Kijana ni seremala, wa kwao Isikizya, mpole, anaswali. Mimi nilikaa nyuma ya pazia, ndugu yako Hamisi akawapokea. Mzee wao akauliza, "Na baba mtu?" Hamisi akasema, "Kasafiri." Mwingine akakohoa.

"Mimi natoka Ujiji juzi," akasema. "Nilimkuta sokoni anatengeneza taa za karabai. Nikamuuliza atarudi lini Tabora, akainama kama mtu aliyeangusha sindano."

 Nyuma ya pazia nilitamani sakafu inimeze. Neno langu la miaka yote lilikuwa limelala pale katikati ya wageni, na mtoto wangu amekaa kando yangu anasikia.

Hamisi alijitolea kusimama mahali pako. Tukaenda kwa Maalim, maana yeye ndiye atakayefungisha ndoa. Nilimwamkia nikiwa nimeangalia miguu yake. Akamuuliza Hamisi, "Ndugu yako amekufa?"

"Hajafa, Maalim."

"Amepotea?"

"Hajapotea. Yuko Ujiji."

"Basi mwenye mtoto yupo. Atakuja." Kisha akanigeukia mimi. "Mwandikie. Mwambie mimi sina kinyongo naye, ila aliondoka bila kuniaga. Hilo tu ndilo liliniuma."

Alikuwa amelivaa, Baba Mwajuma. Makovu yetu yote mgongoni mwake. Watu wamelizoea, watoto wa chuo hawajui hata kwamba nguo ile iliwahi kuwa nzima. Wewe peke yako ndiye bado unalitafutia jingine.

Wakwe wamesema mwisho wao ni kabla ya Ramadhani. Baada ya hapo watajua hatuna nia, nami sitawalaumu.

Nataka nikuambie kitu kimoja zaidi, na hiki ndicho kilichonitoa usingizini. Tuliporudi kutoka kwa Maalim, Mwajuma, aliyemsikia Hamisi uani akiitaja habari ya joho, alinifuata jikoni. Hajawahi kuniuliza habari zako, tangu utoto. Nilidhani amesahau. Akaniuliza, "Mama, ni ile nguo tu?"

Nikamwambia ndiyo, ni ile nguo.

"Hakuna jingine?"

"Hakuna."

Akakaa juu ya kinu, akalia kama mtoto. "Mimi nilidhani baba ameua mtu," akasema. "Fundi wa risasi, amekimbia, na wewe husemi. Nilijua ameua mtu. Miaka yote hii nilikuwa namwombea msamaha kwa Mungu."

 Wewe ulikimbilia Ujiji na haya yako, mimi nikaifungia ya kwangu kinywani, na katikati mtoto wetu akakua akiamini baba yake ni muuaji. Katika mambo yote ya nguo ile, kicheko cha Idi, lile pazia, yote, hakuna lililoniangusha uso kama hili.

Barua hii sikuifunga. Mji mzima unajua yaliyomo, na atakayeibeba akitaka asome njiani. Mbao zako bado ziko ukutani, na boliti nazipaka mafuta zisishike kutu, ingawa hata hilo nalifanya mlango ukiwa umefungwa.

Sikuambii uje na joho. Wala sikuambii kwamba hawatacheka, watacheka, unawajua. Ukikaa mkekani magoti yako yakagusana na ya Maalim, nawe unautoa mkono wa binti yako, uso utakushuka, na mimi nyuma ya pazia wangu utashuka vile vile. Njoo hivyo hivyo. Njoo uone haya hapa nyumbani, mbele ya mtoto, ajue ni haya tu na si damu. Mimi nimechoka kuiona peke yangu.

Nakungoja,

Mkeo,
Mama Mwajuma