Madaftari Yako Matatu

Mpendwa Baba,

Wiki jana watu wawili wa redio walikuja hapa Migwani kutafuta muziki wako. Wanasema siku hizi jina lako halikosi kutajwa popote jazi inapozungumzwa, na wanataka ule utungo wako mrefu wa piano, uliowapigia wenzako wa bendi ya hoteli kule Nairobi nusu tu. Wakaniuliza, "Mama, nusu ile ingine iko wapi?" Nikawajibu, "Mchwa walikula." Waliniamini. Hapa kwetu mchwa husingiziwa mengi.

Nakumbuka piano ilivyofika juu ya lori lililokuwa limetoka kupeleka mbuzi mjini. Hukungoja hata ishushwe. Ulipanda ukapiga, na soko zima likaacha kupima maharagwe. Mzee mmoja akauliza mbona wimbo wako unapotea njia. Ukacheka: "Hii ni kama njia ya ng'ombe, mzee. Inapinda, lakini nyumbani inafika." Siku hiyo nilivimba kichwa, mimi binti wa mpiga piano.

Halafu, nikiwa na miaka kumi na sita, ukaja mkutano wa injili, nami nikaokoka. Unaijua desturi: aliyeokoka huleta vitu vyake vya ulimwengu vichomwe mbele ya watu. Wenzangu walileta hirizi, vibuyu vya pombe, tumbaku. Mimi sikuwa na chochote cha kuchoma, na niliona haya kupita mbele mikono mitupu. Nawe ukiwa safarini, nikachukua madaftari yako matatu ya muziki, yenye ule utungo, na pale hakuna aliyejua ni ya nani. Ndugu wa wokovu wakaimba haleluya. Yaliungua upesi, Baba, kazi yako ya miaka minane.

Ulimlaumu Mwaitu, mama yangu, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akiwasha moto jikoni kuchemsha mahindi ya muthokoi. "Umepika muthokoi kwa maisha yangu!" Akainama akakoroga chungu. Nami nilikuwa nimesimama mlangoni na ufagio mkononi, kimya kama maji ya mtungi. Tangu siku hiyo hamkula meza moja.

Ukajaribu kuukumbuka ule utungo. Kila asubuhi ulianza vizuri, mkono wa kushoto ukitembea, hadi pale katikati, ukasimama. Ukarudia. Ukasimama tena. Ulikufa hujapavuka.

Piano tuliipa shule zamani, lakini chumba chako hakijanyamaza. Nikikaa kuchambua mbaazi mchana kweupe, nausikia mkono wako wa kushoto, na ukifika pale, vidole vyangu navyo husimama juu ya ungo. Najiambia ni upepo. Najua si upepo. Naiogopa nyumba nilimozaliwa.

Mwaitu alipokuwa mgonjwa, kabla hajakufuata, nilikaa kitandani pake nikaanza kuungama. Akanikatiza.

"Nilikuona ukibeba hizo daftari."

"Sasa mbona ulinyamaza, Mwaitu?"

"Baba yako angekuchukia wewe. Ulikuwa mtoto. Mimi nilikuwa mtu mzima, ningeweza kuchukiwa."

Aliishi na lawama hiyo miaka kumi na tisa, Baba, ukimpita uani bila salamu.

Kwa hivyo usihangaike na mimi kwanza. Mtafute yeye huko mliko, umwombe msamaha. Mimi zamu yangu nitaingoja.

Ni mimi niliyeyachoma,
binti yako.