Kadi Mama Alizozipanga Upya

Manga, Jumanne, Agosti 1996

Na bado nimemkasirikia Mama kidogo.

Wiki nzima nimepanga kadi za maneno ya Ekegusii, lugha yetu, kwa ngeli, niziingize kwenye kompyuta kule mjini. Programu yangu ya kutafsiri inapaswa kuelewa ngeli zetu na pia jinsia ya kike na ya kiume ya Kifaransa. Profesa wangu wa chuo anaitaka Ijumaa. Leo nimetoka kuchuma chai, nakuta Mama amezipanga upya, kila fungu kalifunga kwa kamba ya mgomba.

"Ulikuwa umezichanganya," akaniambia, anajivunia kweli. "Maziwa umeyaweka mbali na ng'ombe. Nani anaishi hivyo?"

Ng'ombe, maziwa, kibuyu. Jembe na shamba. Nilitaka kupiga kelele. Siku zimebaki tatu, na nisipomaliza...

Nikaanza kufungua. Fungu la mwisho lilikuwa na kadi mbili tu: baba, na kigoda. Kigoda chake bado kiko pale ukutani. Tangu tumzike, hakuna aliyekikalia.

Kadi nyingine zote nimezirudisha kwenye ngeli zake. Maneno ya hizo mbili nimeyanakili kwenye kadi mpya za programu, na fungu la Mama nimelifunga tena kama alivyokuwa amelifunga.