Gari Linapogonga Asubuhi

Jumatatu, 7 Julai

Injini ya gari imegonga tena. Ta-ta-ta-ta upande wa mbele, dakika chache, kisha kimya kama si yenyewe. Asubuhi tu, ikiwa baridi, na Julai hii Kilosa kuna baridi ya kweli. Rehema alikuwa jikoni, akajifanya hasikii. Tumbo lake limeshuka. Daktari wa Mikumi kasema uchungu ukianza tu tuondoke, mke wangu lazima apasuliwe. Mwaka juzi tulisubiri usafiri, na mtoto hatukumpata. Gari hili kuukuu nililinunua kwa ajili ya safari hiyo moja. Nalichukia.

Jumanne, 8 Julai

Mikumi, kwa fundi. Kufika kule injini ina moto, inanguruma vizuri kama haijawahi kukosea. Fundi akasikiliza, akanitazama. "Bosi, mbona iko freshi tu?" Mara ya tatu hii. Najiona mwongo. Anataka nimwachie gari lilale kwake, alisikie asubuhi. Nimwachie, halafu uchungu ukianza usiku nimbebe Rehema mgongoni? Nimegoma. Tumekubaliana aje yeye alale kwangu Ijumaa.

Alhamisi, 10 Julai

Baba mkwe amefika kutoka Kidete. Mama mkwe alishafariki, kwa hiyo kaja yeye kukaa na binti yake. Dereva wa treni mstaafu. Shikamoo, marahaba, kisha akafungua boneti kabla hata hajanywa maji. Sikupenda.

Jumamosi, 12 Julai

Nimeamshwa na mngurumo. Fundi naye katoka, mswaki mdomoni. Baba mkwe yuko ndani ya gari, anapiga resi. Ufunguo aliuona ukutani akauchukua.

"Mashine haibebi watu ikiwa baridi, baba," akaniambia. Ndivyo walivyofanya kazini miaka yote. Anataka binti yake apande gari lililo tayari. Jambo jema kabisa. Lakini injini imeshapata moto, haigongi tena, na fundi kasafiri bure. Nikasema asante, nikaenda nyuma ya nyumba kupiga ndoo teke.

Nitamwambiaje? Mkwe hakemewi. Rehema kasema haingilii: gari ni langu, baba ni wake. Fundi kakubali kulala siku moja zaidi. Jioni nikamwita mshenga, yule yule aliyepeleka posa yangu. Alizungumza na mzee habari za mpunga, za mafuriko, za treni za zamani, ndipo akafika kwenye ufunguo. Mzee akautoa mfukoni, akampa mshenga, mshenga akanipa mimi. Wote watatu tumekaa chumba kimoja. Sijapata kuona aibu ya namna hiyo.

Jumapili, 13 Julai

Hatimaye fundi amesikia. Aliweka ncha moja ya mpira wa maji sikioni, nyingine akaipitisha kwenye injini pole pole. Gasketi, ile bapa ya kuzibia. Pale eksozi, bomba la moshi, inapoungana na injini, imeungua. Injini ikiwa baridi moshi unapenya na kugonga. Chuma kikipata moto kinatanuka, pengo linaziba. Mpya mpaka itoke Morogoro. "Itakupigia kelele tu, haitakuacha njiani."

Nimemwelewa. Kuamini ni kitu kingine. Mzee hajanisemesha tangu jana.

Jumanne, 15 Julai

Uchungu umeanza alfajiri. Gari la baridi, kwa sababu yangu. Hakuna aliyeligusa. Likagonga, na safari hii Rehema yumo ndani, nyuma, kashika mkono wa baba yake. Nilitaka kulia. Nikabaki nimeshika usukani, nasikiliza.

"Endesha," mzee akasema.

Nikaendesha. Kabla hatujatoka mjini kelele ikakoma. Sikuamini. Nilizima redio, nikafunga vioo, nikasikiliza mpaka geti la hospitali. Sasa wamemwingiza chumba cha upasuaji. Niko kwenye benchi. Mzee anatembea uani, anakwenda, anarudi.

Alhamisi, 17 Julai

Mtoto wa kike. Mama mzima. Mzee kaniletea chai jana, akakaa pembeni yangu mpaka nilipoimaliza.

Leo mchana mama na mtoto wamelala. Mtoto anapumua vibaya. Anavuta haraka haraka, anasita, anakoroma kidogo, anaanza tena. Nilisimama pale hata sijui muda gani, kisha nikaenda kumwita nesi. Akaja, akainama, akacheka.

"Ndivyo wanavyopumua, baba. Kapumzike."

Ameondoka. Nimesogeza kiti karibu na kitanda. Nasikiliza.