Sababu Niliyoitaja Mahakamani

Kagugu, Kigali

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini mguu umepungua kuvimba na upepo haujaangusha tena migomba. Mimi na Neema ni wazima, ila nimechoka, Mama, uchovu ambao hata nikilala hauishi.

Kaka ameniambia mama mkwe alikupigia simu akilia kwamba nimemkatia mwanawe riziki. Kwenye simu nilishindwa kukueleza, ndiyo maana naandika.

Unajua mimi na Baba Neema tulikuwa tunafundisha shule moja pale Kinyinya, mimi Kiswahili, yeye makamu mkuu wa shule. Unajua pia kwamba nilitoka kwake nikapanga chumba huku Kagugu. Usichokijua ni kuwa kabla ya kesi ya talaka, mama mkwe alinijia. Alikaa kitandani maana sina kiti, akampakata Neema, akaniomba nisitaje kipigo.

"Sema tu hamuelewani," aliniambia. "Ukisema anapiga, nani atamwachia tena watoto wake awafundishe? Ihangane, mwanangu."

Hilo neno la huku, ihangane, huambiwa mfiwa, na huambiwa mke aliyepigwa. Vumilia.

Nilikaribia kukubali. Baba Neema aliipenda ile kazi, na sikumtakia mabaya. Lakini nilipomwendea wakili wangu, dada mmoja aliyekulia Uganda, alinieleza kwamba mwenzangu ameshatoa sababu yake: kwamba nimetelekeza nyumba, na kwamba nina uhusiano na mwalimu mwenzetu. Wakili hakunisukuma. Alisema, "Ndoa ikivunjika, sababu itamwangukia mmoja wenu. Usipoisema yako utabaki na ya kwake, na wewe pia ni mwalimu."

Basi hakimu aliponiuliza kwa nini nilitoka nyumbani, nilijibu kwa Kinyarwanda changu kibovu kwamba mume wangu alikuwa ananipiga, na mara ya mwisho alinipiga mbele ya mtoto. Nilijua atakana. Alipoulizwa alisema, "Ni kweli." Na yale ya mwalimu mwenzetu akayakanusha mwenyewe. Nilimwonea huruma, Mama, nisikufiche.

Habari zilitutangulia shuleni. Alivuliwa umakamu, na haikupita muda akaacha kazi. Nasikia yuko Bugesera kwa mjomba wake, anauza saruji na mabati. Mimi nilidhani nimesalimika. Kumbe wenzangu walikuwa wameanza kunikwepa, nikiingia chumba cha walimu mazungumzo yanakatika. Mwishowe mwenye shule aliniita. Kwa upole kabisa alisema hanilaumu, ila wazazi wanaongea sana, na mkataba wangu ukiisha hatauongeza. Nikamuuliza mimi nilimpiga nani. Alisema tuombe, akaomba.

Nilizunguka shule nyingi. Kila nilikokwenda waliuliza kwa nini niliacha kazi Kinyinya, nami nikawa nababaisha, mara umbali, mara mtoto, na walikuwa wanaona kwamba nababaisha. Hadi nilipofika Gahanga, kusini kabisa, shule mpya ambayo watu bado wanalima maharage hadi ukutani kwake. Mkuu wa shule ni mama wa makamo. Aliponiuliza, nilikuwa nimechoka kutunga maneno, nikamweleza kama ninavyokueleza wewe. Alitaka kujua kama naweza kuanza Jumatatu.

Basi nipo huko. Mshahara ni mdogo kuliko wa kwanza, na ni mbali. Natoka Neema akiwa bado na usingizi, jirani ndiye anayempeleka shule. Nikirudi jioni mgongo unauma kwa safari ya pikipiki. Lakini chumba cha walimu naingia na watu wanaendelea kuongea.

Nisalimie kaka na wifi, na umbusu mtoto wao mchanga ambaye sijamwona. Msalimie shangazi anayeniombea ndoa irudi. Mwambie sasa aniombee afya tu. Neema anasema bibi asimalize senene zote, amwekee.

Na mama mkwe akipiga tena, pokea. Ni mzazi mwenzako na ameumia kweli. Msikilize mpaka amalize, mpe pole. Ila nakuomba, Mama, usimwombe radhi kwa niaba yangu.

Mimi mwanao,
Adela