Pafu Lililochanika Mapema

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba lile goti sasa linakuruhusu kupanda ngazi bila kunung'unika. Mimi mwili haujambo. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu ungenikatiza, na nina neno nataka likufikie lote.

Siku moja uliniuliza nasomea nini hasa. Nikakujibu hesabu za mapafu, ukacheka, ukasema kumbe hata pumzi ina hesabu. Inayo. Tunachukua pafu la kondoo kutoka machinjioni, tunalikata vipande vyembamba, tunavibana huku na huku ndani ya maji ya chumvi yenye joto la mwili, kisha mashine inavivuta polepole. Kazi yangu ni kuandika mlinganyo unaosema kipande kitarefuka kiasi gani na kitachanika lini. Madaktari wakiupata, watajua mashine ya kupumulia imsukumie mgonjwa hewa kiasi gani bila kumpasua.

Anayekata na kubana ni fundi wa maabara, mzee tunayemwita Taratibu, maana hata chai huikoroga kana kwamba inaumwa. Mwaka jana vipande vyake vinane vilichanika mapema kuliko mlinganyo wangu ulivyosema. Profesa akauliza kulikoni. Nikasema vibanio vimekazwa mno. Taratibu alisema hakukaza; alisema mara moja tu. Wiki iliyofuata akahamishiwa stoo kuosha chupa. Vile vinane vikafutwa kwenye matokeo, na hesabu yangu ikapendeza kama bibi harusi.

Mama, nilijua. Siku tatu baada ya yeye kuhamishwa nilikata kipande mwenyewe, nikakibana kwa mkono mwepesi, nacho kikachanika mapema vilevile. Mlinganyo ulichukulia kwamba pafu ni lilelile kila mahali, kumbe kwenye mirija ya hewa ni gumu, na pembeni ya ule ugumu ndipo linapoachia. Nilikitupa kipande, nikanawa mikono, nikaenda kula. Miezi kumi na mmoja nimekuwa nikimsalimia mlangoni pa stoo, naye akiitikia vizuri.

Juzi Profesa akatuambia kuna hospitali inataka kuanza kuujaribu mlinganyo wangu. Hapo maji yakazidi unga. Jana asubuhi nilimwendea, nikamweleza yote. Hakupaza sauti. Alisema mwaka huu sihitimu, pengine hata mwakani, na kwamba stoo niende kwa miguu yangu mwenyewe.

Nikaenda. Taratibu alinisikiliza huku akipangusa chupa. Nilimwomba radhi, hakusema amenisamehe. Aliuliza tu kama kile kipande changu nilikihifadhi. Nikamwambia nilikitupa. Akavua aproni, akasema basi tukakate kingine, na safari hii nibane mimi, yeye aandike.

Kwa hiyo usisafiri kuja mahafali, Mama. Shangazi na wenzake waambie sababu yenyewe, usinifichie. Wasalimie wote hapo nyumbani, na goti ulipumzishe.

Ni mimi mwanao,
Kitinda mimba wako